Ushauri: hita ya maji inanguruma, nibadili koili au ninunue mpya?

Nuru_Dirishani: Wakuu, habari zenu. Nina hita ya umeme ya lita 80 bafuni, mwaka wa nne sasa. Wiki ya tatu hii inachelewa mno kupasha maji, na ikishika moto inanguruma kama kokoto kwenye sufuria. Fundi kaja, kasema koili imechoka, tubadili hiyo tu. Mume wangu anataka tuing'oe tuweke mpya. Mimi naona kutupa hita nzima kwa ajili ya koili ni kufuja. Nishaurini, nimechoka kubeba ndoo kutoka jikoni kila alfajiri.

Baridi_Tamu: Dada, oga maji baridi tu. Mwaka wa sita huu sijui mafua.

Kapteni_Mstaafu: Mwenzio ana watoto wa kuandaa alfajiri, wewe unaleta mafua. Mleta uzi, siku hizi watu hamtunzi vitu. Tangi hutolewa maji ya chini angalau mara moja kwa mwaka. Huo mngurumo ni magamba ya chokaa, maji yanayonaswa humo yanageuka mvuke na kutoka kwa viputo. Umewahi kulisafisha?

Nuru_Dirishani: Hapana mzee wangu, sikujua.

Dada_wa_Bibi_Harusi: Yangu ilianza hivyo hivyo. Nikabadili koili, baada ya miezi miwili thamostati (kile kinachokata umeme maji yakishapata moto), kisha mpira wa koili. Siku ya harusi ya mdogo wangu, nyumba imejaa wageni, tangi likatoboka kwa chini. Nilipiga deki nimekunja gauni la harusi kiunoni. Chukua ile isiyo na tangi, inayopasha papo hapo, uishi kwa amani.

Spana_17: Ile ya papo hapo inavuta umeme mwingi kwa mara moja, waya za zamani haziiwezi. Tusiende huko kwanza. Dada, nijibu matatu. Maji ya moto yana rangi ya kutu? Chini ya tangi pana unyevu? Na valvu ya usalama, ile yenye kijiti cha kuinua, inadondosha? Kikivuja kiungo, valvu au mpira wa koili, hita inatengenezeka. Likivuja tangi lenyewe, hakuna fundi wa kulirudisha. Mengi huishi miaka 8 hadi 12. Ndani kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya chuma cha tangi, na ikiisha bila kubadilishwa, zamu ya tangi imefika.

Nuru_Dirishani: Rangi hakuna. Ila wakuu, koili nimeshanunua na fundi nimempa advansi, anakuja kesho asubuhi. Nilitaka tu kujua kama nibadili na thamostati humo humo.

Spana_17: La valvu hujajibu.

Nuru_Dirishani: Zamani ilikuwa inadondosha kila tukiwasha, hadi rangi ya ukuta ikaanza kubanduka. Shemeji akaitoa, akaweka kizibo cha chuma na ile tepu nyeupe ya mabomba. Tangu hapo haijatoka hata tone, ndiyo maana sikuitaja. Miezi saba sasa, hakuna lililotokea.

Spana_17: Izime SASA HIVI kwenye breka, kisha urudi usome. Maji yakipata moto yanatanuka. Lita 80 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 zinaongezeka zaidi ya lita moja, na matone yale yalikuwa njia yake ya kutokea. Thamostati ikigoma kukata, maji yatavuka nyuzi 100 yakiwa yamebanwa. Tangi likipasuka hapo, lita moja inayogeuka mvuke inataka nafasi ya lita kama 1,600. Ukuta wa bafu hauzuii hiyo.

Kichwa_Kigumu: Nimeusoma uzi mara mbili. Hita ya miaka minne ijae magamba hivyo? Halafu shemeji anaibuka mwishoni na kizibo chake? Hii chai. Weka hapa mwaka ulio kwenye kibati cha hita.

Baridi_Tamu: Hata mimi nimeanza kushtuka.

Nuru_Dirishani: Sina sababu ya kutunga, wanangu wanaoga humo. Miaka minne ni tangu tuhamie, hita tuliikuta. Nimepanda stuli na tochi sasa hivi, kibati kinasema 2009. Nimepapasa chini ya tangi, vidole vimerudi na maji ya kahawia. Nimeshazima.

Spana_17: Basi koili irudishe dukani. Kizibo usikiguse, kuna moto na presha. Acha ipoe usiku kucha, asubuhi funga maji yanayoingia, kisha fungua bomba la moto taratibu. Hita mpya ifungwe na valvu mpya, na kimpira cha kupeleka matone chini ili ukuta usiharibike.

Nuru_Dirishani: Sawa kaka, asante sana. Na advansi? Nilifikiri huyo fundi afunge hiyo mpya.

Spana_17: Kizibo alikiona?

Nuru_Dirishani: Alikishika kabisa. Akasema hapa pamezibwa vizuri.

Kichwa_Kigumu: Dada, nisamehe kwa ile chai. Tafuta fundi mwingine.