Kigimbi kimechanika mechini, nirudi lini uwanjani? (Bukavu)

Winga_Kadutu
Jambo kwenu wakubwa. Nacheza winga katika timu ya mtaa hapa Kadutu. Jumapili nilichomoka kuufuata mpira, nikahisi kama mtu amenipiga jiwe nyuma ya mguu. Nikageuka, hakuna mtu. Kukanyaga nikashindwa palepale.

Sasa pamevimba, na rangi ya zambarau imeshuka hadi kwenye kifundo. Hospitalini wamesema msuli umechanika daraja la pili, yaani sehemu tu, haujakatika wote, wakanifunga bandeji. Mama mkubwa anataka kunikanda kwa maji ya moto kila jioni. Kocha ananitaka mechi ya mwisho wa mwezi. Naombeni ushauri.

Kinesi_Ibanda
Pole sana mdogo wangu. Wengi wanaochanika kigimbi husema hivyo hivyo, kama jiwe. Mwombe mama mkubwa kwa heshima asubiri: siku 3 za mwanzo, joto na kukanda huzidisha damu inayovuja ndani. Barafu ndani ya kitambaa dakika 15, bandeji, mguu juu ya mto. Kifundo kichezeshe taratibu, kisigande.

Daraja la pili huchukua kama wiki 4 hadi 8, kwa hiyo mechi hiyo iache. Tena usiangalie kalenda peke yake, angalia mguu unaweza nini. Maumivu yakitulia, anza kunyanyua visigino ukiwa umekaa, kisha umesimama kwa miguu yote miwili huku umeshika ukuta, mwisho mguu mmoja. Fanya goti likiwa limenyooka na pia likiwa limekunjwa, maana chini ya msuli unaouona kuna mwingine bapa, na huo hufanya kazi zaidi goti likikunjwa. Watu wanausahau, wanarudi uwanjani, wanaumia tena. Ukiweza kunyanyua mara 25 kwa mguu mmoja bila maumivu, sawa na ule mzima, anza kukimbia polepole. Mbio za kasi zije mwisho kabisa.

Mama_wa_Nyawera
Mwanangu, shida ya mji wetu ni milima. Kijana wangu alipoumia hivyo, kupanda ndiko kulikomtesa. Tulimwekea kipande cha sponji chini ya kisigino, viatu vyote viwili, msuli usivutike sana. Kwa sasa kupanda Kadutu chukua pikipiki.

Beki_Bagira
Kocha mwambie leo, apate muda wa kutafuta mwingine. Na mtu asikuchome sindano ya maumivu ili ucheze. Maumivu yanalala, msuli bado umechanika. Nimeona mwenzetu akipoteza msimu mzima kwa njia hiyo.

Kinesi_Ibanda
Kweli kabisa. Nyongeza ya muhimu: uvimbe ukizidi badala ya kupungua, mguu ukawa wa moto na mwekundu, rudi hospitali siku hiyohiyo, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukikosa pumzi au kifua kikiuma, usingoje hata asubuhi.

Winga_Kadutu
Asanteni sana. Nimemsomea mama mkubwa yote, amekubali kungoja. Kocha namwona jioni. Je, kuogelea ziwani kunaruhusiwa?

Kinesi_Ibanda
Ndiyo, ukishaweza kutembea bila kuchechemea. Mwanzoni tumia mikono zaidi, usipige miguu kwa nguvu, wala usijisukume kwenye mwamba kwa mguu huo.