Jirani wa upande wa pili: pa kuanzia

Swali: Watu wakigawanyika hadi salamu zinaogopwa, Mkristo ampendeje jirani wa upande ule bila kuitwa msaliti?

Jibu: Rudi Luka 10:34-35. Msamaria, mtu wa jamii iliyohasimiana na Wayahudi, alimkuta mtu aliyepigwa na wanyang'anyi; hakuhubiri. Alifunga majeraha, akayatia mafuta na divai, akampa mwenye nyumba ya wageni dinari 2 (ujira wa siku 2 hivi) amtunze, akaahidi kulipa kitakachozidi akirudi. Hapo kwenye kurudi ndipo wengi hushindwa! Anza na kitu cha kushikika: maji, dawa, kumsindikiza mgonjwa. Ukianza na mjadala, mlango unafungwa.

Jibu: Nenda mchana, wawili tu. Watu sita mlangoni usiku ni vitisho, hata wakibeba mkate. Wa kwenu waambie mapema. Siri ndiyo huzaa shaka.

Jibu: Na uvumi je? Nani aliona, lini, wapi? Kama hakuna jibu, futa.