Chumvi ya barabarani inakula pikipiki yangu, huku Uingereza mnaikingaje msimu wa baridi?

Dereva_wa_Usiku

Wakuu habari zenu. Naishi Leeds, napeleka oda za chakula usiku kwa pikipiki ya 125, mbele diski nyuma dramu, cheni iko wazi haina kava. Niliichukua mwezi wa tano ikiwa safi kabisa, sasa tuko Desemba, juzi naimulika na tochi naona nati za ekzosi zimeshakuwa rangi ya matofali, kwenye kava la injini kuna unga mweupe umeota chini ya rangi, na cheni asubuhi naikuta nyekundu hata kama jana yake nimeipaka oili. Kule Moro pikipiki ilikuwa inasumbuliwa na vumbi na tope, unaipiga maji, unaifuta, unaondoka. Huku naona kila nikiosha ndo kama naongeza tatizo.

Jamaa wa kazini wamegawanyika, wengine wananiambia niioshe kila siku tena kwa maji ya moto, wengine wanasema nisiiguse mpaka Machi. Hii pikipiki ndo inalipa kodi ya nyumba na ada ya mdogo wangu, sitaki mwakani iwe chuma chakavu. Naomba aliyeendesha hapa misimu kadhaa anieleze taratibu, hata kama ni ndefu nitasoma yote.

Fundi_Coventry

Mdogo wangu pole na kazi. Kwanza umjue adui, si theluji wala si baridi yenyewe, ni chumvi. Halmashauri huku zinatoa malori kumwaga chumvi kabla barafu haijashika, wakiona joto la lami litashuka kufika karibu nyuzi 1 hivi malori yanatoka, na kwa kawaida wanamwaga kama gramu 10 mpaka 20 kwa kila mita ya mraba, theluji ikitarajiwa inapanda mpaka 40. Nyingi ni chumvi ya mwamba, kuna mgodi mkubwa Winsford kule Cheshire umeanza 1844 na bado wanachimba, na ile chumvi ina udongo ndani ndo maana tope la barabarani huku lina rangi ya kahawia na linang'ang'ania kwenye kona zote za pikipiki.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui, chumvi haikauki ikakaa kimya. Unyevu wa hewa ukivuka kama asilimia 75 inajivutia maji yenyewe inalowana tena, na Uingereza usiku wa baridi unyevu uko juu ya hapo mara nyingi mno. Maana yake umepaki, umelala, kutu inaendelea na kazi. Na ule unga mweupe ni alumini inaoza. Alumini ina ngozi nyembamba inayojikinga nayo, chumvi inaitoboa, basi palipo na mkwaruzo mdogo tu wa kokoto chumvi inaingia chini ya rangi na kuinyanyua.

Maji ya moto achana nayo. Chumvi ya kawaida inayeyuka vizuri tu kwenye maji ya baridi, maji ya nyuzi 0 yanabeba kama gramu 35 kwa kila gramu 100 za maji na yanayochemka yanabeba 39, tofauti ni ndogo sana, ila joto linaharakisha kutu. Kwa hiyo maji baridi, mengi, presha ndogo. Mashine ya presha ukiielekeza kwenye beringi za magurudumu, kwenye sili za shokapu za mbele au kwenye soketi za waya unasukuma maji ya chumvi ndani na grisi unaitoa nje. Sabuni tumia shampuu ya gari. Sabuni ya kuoshea vyombo nyingi zimewekewa chumvi ili ziwe nzito, na zile dawa kali za kuoshea malori zinababua alumini, usiziguse kabisa.

Kuosha ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kuiwekea ngozi ya mafuta. Huku watu wengi wanatumia ACF-50, mafuta ya kupulizia ya kuzuia kutu, ilitengenezwa kwa ajili ya ndege, inatambaa yenyewe mpaka kwenye nyuzi za bolti na mishono ya fremu. Unaosha vizuri, unaacha ikauke kabisa, hapa usiwe na haraka kwa sababu ukifungia maji ya chumvi ndani umejipa hasara, halafu unapulizia kwenye kitambaa au brashi na kupaka nyembamba: nati za ekzosi, chini ya injini, bolti zote, stendi, sehemu ya fremu iliyo nyuma ya gurudumu la mbele, radieta kama unayo. Baada ya siku mbili tatu itashika vumbi itaonekana chafu, iache, ndo inavyofanya kazi. Diski na pedi za breki zifunike na mfuko wa plastiki kabla hujapuliza kitu chochote, na tairi pia. Mafuta yakifika kwenye diski hutasimama, utaishia kwenye bamba la basi. Yakigusa kwa bahati mbaya, safisha diski na dawa ya kusafishia breki, na pedi zikilowa badilisha, usijaribu kuziokoa.

Kwa kweli kazi hii ni ya Oktoba kabla malori hayajatoka. Lakini Desemba bado inafaa, kutu iliyoanza isugue na brashi ya shaba au pamba ya chuma laini, futa, kausha, paka.

Kizingo_Pwani

Ndugu zangu mimi niko Mombasa, theluji siijui ila chumvi naijua vizuri, pikipiki inayolala karibu na bahari mwaka mmoja unaiona rimu na mikono ya stendi imeisha. Mafundi wetu hapa wanapuliza oili chafu iliyotoka kwenye injini chini yote ya fremu na kwenye stendi, bei ni bure na kweli inasaidia. Mbona huko hamfanyi hivyo badala ya kununua makopo ya bei?

Fundi_Coventry

Kaka wa Mombasa nakuelewa, na kwa chuma kitupu cha fremu oili inazuia maji, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba oili iliyotumika ina asidi na masizi ya injini, ikigusa mipira na sili inazilainisha na kuzivimbisha, na ikinyeshewa inadondoka barabarani mbele ya gurudumu lako la nyuma. Huku lami ina baridi na tayari inateleza, sitaki kijana aongezewe utelezi mwingine. Pia ni kosa kisheria kuacha oili itiririke kwenye mifereji ya maji. Kama pesa ni tatizo, vaselini ya dukani inafanya kazi vizuri kwenye bolti na taminali za betri, kopo dogo linamaliza msimu.

Dada_wa_Glasgow

Salaam wote. Mimi ni nesi, naendesha kwenda zamu mwaka mzima hapa Glasgow, na kwa heshima zote kwa fundi naomba nitofautiane naye kwenye hii ya kuosha mara kwa mara. Ukishapaka ile mafuta vizuri mwezi wa kumi, kila ukiosha na sabuni unaitoa. Mi naosha na shampuu mara moja katikati ya msimu, nakausha, napaka upya, basi. Siku nyingine zote ni maji matupu ya kusuuza tu, hasa sehemu za chini, sabuni hapana. Inakuwa mbaya kuitazama lakini ikifika masika ukiosha ile taka yote, chini unakuta bolti zinang'aa.

Na kitu kimoja hakijatajwa, madigadi ya mbele. Pikipiki nyingi ndogo madigadi inaishia juu sana, maji yote ya gurudumu la mbele yanapiga kichwa cha injini na ekzosi moja kwa moja, hapohapo ulipoona kutu wewe. Kuna kipande cha plastiki kinauzwa cha kurefusha madigadi chini, unakibandika au kukifunga kwa bolti mbili. Kwangu kilisaidia kuliko dawa yoyote. Nyuma nako weka kile kikinga tope kilicho karibu na tairi, kinaokoa shokapu ya nyuma.

Pia usiweke pikipiki mbichi yenye chumvi ndani ya chumba chenye joto ukidhani unaitunza. Ikiwa nje kwenye baridi kali kutu inaenda polepole, ukiiingiza kwenye joto na unyevu inakimbia. Kama ni gereji basi iwe na hewa inayopita.

Fundi_Coventry

Dada uko sahihi na naona hatupingani sana, nilivyosema aoshe nilimaanisha asuuze. Sabuni iwe mara chache, maji baridi kila baada ya barabara yenye chumvi. Ila kwa yule anayepiga kazi usiku tano sita kwa wiki, mara moja katikati ya msimu ni kidogo, yeye kila wiki mbili tatu aangalie zile sehemu za mbele ya injini, akikuta chuma kimekauka hakina utelezi apake tena pale pale tu, si lazima yote.

mtu_wa_Minnesota

Huku Minneapolis pikipiki tunazilaza kuanzia Novemba kwa hiyo sina mengi, ila mjue si chumvi zote ni sawa. Huku wanachanganya na kloridi ya kalsiamu na ya magnesiamu kwa sababu ile ya kawaida ikishuka chini ya nyuzi 9 za baridi haiyeyushi tena vizuri. Hizo mbili zinavuta maji hata hewa ikiwa kavu, unyevu wa asilimia 30 na kitu zinalowana, kwa hiyo zinabaki zimelowa muda wote na zinanata. Anayeendesha nchi zenye baridi kali kama huku asuuze siku hiyohiyo, asingoje wikiendi. Na masika msikimbilie kutoka siku ya kwanza ya jua, ngojeni mvua kubwa moja mbili zioshe lami, chumvi inabaki pembeni mwa barabara muda mrefu.

Dereva_wa_Usiku

Asanteni sana wakuu, sana. Nimeagiza ile plastiki ya madigadi tayari. Sasa nina maswali. Moja naishi fleti, sina bomba la nje, maji nayatoa ghorofa ya pili. Mbili narudi saa saba usiku kuna barafu, nikisuuza si maji yataganda kwenye breki? Tatu cheni, naifanyaje hii cheni jamani. Na ya mwisho lever ya breki ya mbele nikiiachia nahisi kama pikipiki inabaki imeshikwa kidogo, gurudumu linazunguka zito.

Dada_wa_Glasgow

La maji rahisi, ile pampu ya mkono ya kupulizia dawa shambani, ya lita 5, zinauzwa huku kwenye maduka ya bustani. Lita 5 zinatosha kusuuza chini yote. Hakikisha tu haijawahi kuwekwa dawa ya magugu. Kama usiku ni barafu usisuuze usiku, suuza kesho yake mchana ikipanda juu ya sifuri halafu iendeshe dakika kumi ukibana breki taratibu zikauke. Na usiivishe turubai ikiwa imelowa, na turubai lenyewe liwe lile la kupitisha hewa.

Fundi_Coventry

Cheni isafishe kwa mafuta ya taa kidogo, tumia kitambaa na brashi laini, brashi ya waya hapana kwa sababu kama ni cheni ya oringi utazikata zile pete za mpira na grisi ya ndani itaisha. Futa mpaka ikauke. Oili ipake ukishatoka kazini ikiwa bado ina joto, upande wa ndani wa cheni, usiku kucha iingie, ukipaka asubuhi na kuondoka yote inarukia rimu. Oili ya gia ya 80W-90 inafaa na ni bei nafuu, kwa kazi yako kipindi hiki paka kila siku mbili. Gurudumu lizungushe kwa mkono injini ikiwa IMEZIMWA, watu wamepoteza vidole kwa kuwasha gia ili izunguke yenyewe. Halafu angalia kulegea kwake kwenye kitabu cha pikipiki, cheni yenye kutu inarefuka haraka.

Sasa hilo la breki usilale nalo, lifanye kabla ya zamu ijayo au peleka gereji. Hiyo ni kalipa, kile kinachobana pedi kwenye diski, imeanza kushika, chumvi imeingia kwenye pistoni au kwenye zile pini ambazo kalipa inatelezea. Fungua bolti mbili zinazoishikilia, itoe bila kuachia mpira wa maji ya breki ubebe uzito wake, ining'inize na waya. Toa pedi. Safisha pistoni zilizo nje kwa mswaki na maji ya sabuni mpaka zing'ae, usitumie kitu chenye ncha wala msasa, zikiwa na mashimo zinabadilishwa. Pini zitoe, zifute, paka grisi ya silikoni, ile ya shaba na ile nyeusi ya kawaida zinavimbisha mpira wa pini. Grisi ya shaba kidogo sana unaweza kuweka mgongoni mwa pedi, kamwe si upande wa diski. Zirudishe pistoni ndani taratibu kwa mkono huku ukiangalia chombo cha maji ya breki kisifurike, hayo maji yanababua rangi. Funga bolti kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Kabla hujawasha, bana lever mara nyingi mpaka iwe ngumu mkononi, kisha zungusha gurudumu, lazima liende jepesi. Lisipoenda jepesi usitoke nayo.