Steve Reich na ngoma za Ghana: alichukua au alijifunza?

Mpiga_Msondo:
Salaam wakuu. Nafundisha vijana ngoma hapa Bagamoyo, mwaka wa kumi na moja huu. Wiki iliyopita mgeni aliniachia flashi yenye kazi iitwayo Drumming ya Steve Reich, mtunzi wa muziki, Myahudi wa New York, na usingizi umenipaa. Bongo, zile ngoma ndogo za jozi, zinaanza na pigo moja, linaongezwa jingine, na jingine, hadi mzunguko unajaa. Kisha mpigaji mmoja anaharakisha kidogo mno, anamtangulia mwenzake, na ghafla nasikia mdundo wa tatu ambao hakuna anayeupiga! Sisi hili tunalijua, ngoma zikishikana vizuri hutoa sauti isiyo ya ngoma yoyote. Ila kwake hakuna anayecheza wala anayeitikia. Naambiwa alisomea Ghana. Je, alibeba vya watu akaondoka navyo? Na mbona baadaye akaingia kwenye Zaburi za Kiebrania?

Binti_wa_Gadi:
Mwalimu, swali hili nilikuwa nalo mwenyewe, niwie radhi nikiandika kirefu.

Alifika Accra mwaka 1970, akajifunza kwa Gideon Alorwoyie, fundi wa ngoma za Kiewe, yaani za Waewe wa huko Ghana. Alikaa wiki tano hivi, malaria ikamrudisha kwao. Lakini zile sauti mbili zinazoachana polepole alikwisha kuzianza mwaka 1965 kule San Francisco, akiwa na mkanda wa mhubiri Mweusi wa barabarani aliyekuwa akisimulia gharika ya Nuhu. Mashine mbili, maneno yaleyale, moja inaiacha nyingine kidogo kidogo. Ghana ilimpa uhakika kwamba njia ile ina wenyewe, tena wa siku nyingi. Aliporudi hakuiga mlio wa Kiewe, alitafuta muundo wake. Ndiyo maana unasikia bongo, marimba na sauti za watu, husikii kengele zao. Mimi naiona ni adabu. Deni lipo hata hivyo, na ningependa jina la Alorwoyie litajwe kila Drumming inapotajwa.

Kuhusu Zaburi, hiyo ni safari ileile. Mtu akiona wenzake wamerithishana muziki kwa mdomo vizazi na vizazi, hujiuliza: na kwetu je? Alikulia kwenye familia ya Kiyahudi lakini Kiebrania hakukijua. Alikuwa amekaribia miaka 40 alipoanza kukisoma, pamoja na Torati na namna ya kale ya kuighani, akaenda hadi Jerusalem kurekodi wazee. Mwaka 1981 ikatoka Tehillim, yaani Zaburi. Alichagua Zaburi kwa sababu Wayahudi wa nchi za Magharibi walikuwa wamepoteza ughani wake wa kale, hivyo hakuna wimbo mtakatifu ambao angeugusa vibaya. Sikiliza ile ya 150 mwishoni, haleluya zake. Mimi hunitoa machozi.

Kofi_Kumi_na_Mbili:
Mwalimu, kabla ya hayo yote jaribu Clapping Music ya 1972. Watu wawili, mikono mitupu. Piga 3, acha, piga 2, acha, piga 1, acha, piga 2, acha. Hapo una hesabu 12. Mmoja anabaki hapohapo mwanzo hadi mwisho, mwingine anasogea mbele hesabu moja kila baada ya marudio kadhaa, mpaka wanakutana tena.

Mpiga_Msondo:
Asanteni sana. Tumejaribu leo jioni. Anayesogea hasumbuki sana, kazi anayo anayebaki! Kijana wangu hodari kuliko wote alivutwa tulipofika kusogea kwa tatu. Binti, nisikilize nini baada ya hapo?

Binti_wa_Gadi:
Different Trains, ya 1988. Reich alizaliwa 1936, wazazi wakaachana akiwa mdogo. Kati ya 1939 na 1942 alikuwa akivuka Marekani kwa treni na yaya wake, baba yuko New York, mama Los Angeles. Ukubwani akatambua kwamba miaka hiyohiyo, mtoto wa Kiyahudi kama yeye angekuwa Ulaya, angepandishwa treni nyingine kabisa. Akarekodi yaya wake na mhudumu mstaafu wa mabehewa, akachukua na sauti za watu walionusurika mauaji ya Wanazi. Kila kipande cha maneno alikiandika kwa noti, jinsi kinavyopanda na kushuka. Mwanamke akisema viola, fidla kubwa kidogo, inamfuata, mwanamume akisema anafuatwa na selo, fidla kubwa ya sauti nzito. Hakuwatungia wimbo, wimbo ulikuwa tayari ndani ya kusema kwao.

Baba yangu alikuwa gadi wa treni ya Tabora–Kigoma. Nina kaseti moja ya sauti yake, anawatajia wajukuu stesheni: Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza. Tangu niisikie kazi ile, nimejua kwamba Kaliua yake ilikuwa ikipanda, na Uvinza ikishuka taratibu, kama mtu anayeweka mzigo chini.