Mkaa mbadala wangu kila mtu anausifu, wa kununua simuoni. Naombeni ushauri

Kifuu wa Buza: Wakuu habarini za jioni. Nina miezi mitano natengeneza mkaa mbadala, chenga za mkaa na vifuu vya nazi, nakamatisha na uji wa muhogo, nabana kwenye mashine halafu naanika juani siku tatu. Hauchafui sufuria na unakaa jikoni muda mrefu. Nimegawa bure kwa mama ntilie kama kumi na tano, wote "kijana una akili", kesho yake napita nakuta jiko limejaa mkaa wa kawaida. Nawaza nichapishe fulana na nikodi spika ya matangazo. Nifanyeje watu waupokee?

Mpiga Soga: Hongera mkuu, wenzio wanabeti tu. Spika usikodi, nunua kabisa.

Leso Mbili: Hapa Mombasa leso haikupigiwa spika. Wanawake wa pwani karne ya 19 walinunua vitambaa vidogo wakaviunga wakajifunga wao wenyewe, wafanyabiashara ndio wakaja nyuma kuchapisha nguo nzima. Mwangalie mteja anautumiaje huo mkaa.

Wakala Mstaafu: Nilikuwa Nairobi 2007 Safaricom wanaanza M-Pesa. Kwenye majaribio ilikuwa ya kurejeshea mikopo midogo, watu wakaanza kutumiana hela wao kwa wao, kampuni ikashtuka ikahamia kwenye kutuma pesa nyumbani. Fundi wa mjini akimtumia mama yake kijijini, mama naye lazima amtafute wakala, yaani mmoja anamvuta mwingine. Mkaa wako jirani akiuwasha mimi unanivuta na nini? Enzi hizo kuna dada alikuwa anakuja kibandani kwangu kutoa hela kidogokidogo kila siku, kumbe ananiangalia mimi, ndo mama watoto huyo.

Mama Lishe Tandika: Unashika moto baada ya muda gani? Na kwako mnapikia nini?

Kifuu wa Buza: Kushika ni kawaida tu mama, inategemea na anayewasha.

Mama Lishe Tandika: Nimeuliza dakika.

Kifuu wa Buza: Kama 25, kukiwa na upepo zinapungua. Ukizoea wala huoni. Nyumbani waifu anatumia gesi, ila ni sababu ya asubuhi watoto wanawahi shule.

Mpiga Soga: 😂😂😂 mwenye kiwanda anapikia gesi

Mama Lishe Tandika: Mwanangu, saa kumi na moja alfajiri bodaboda wako kwenye benchi wanadai chai na chapati, mimi nikae napepea dakika 25? Nilikusifu kwa sababu umenipa bure, ulitaka nikutukane? Ila mchana niliuweka chini ya maharage jiko likiwa lishakolea, sikuongeza hata kipande mpaka saa tisa. Wa elfu moja ningenunua. Unauzaje?

Kifuu wa Buza: Mfuko wa kilo kumi, elfu kumi na tano. Kupima kidogokidogo siwezi, brandi inashuka. Na mashine kubwa nishalipia advansi, inakuja mwezi ujao, hela ya kikoba cha waifu.

Wakala Mstaafu: Mashine kubwa ya nini na huo mdogo hauuziki??

Mtumishi Asiyechoka: Kijana, hela ya kikoba ni jasho la wamama. Mkeo anajua?

Kifuu wa Buza: Anajua kiasi.

Mchunguzi Huru: Wakuu hii chai. Huyu huyu mwezi wa tatu alileta uzi anatafuta mchumba, hajaoa hana mtoto. Leo ana waifu, kikoba na watoto wanawahi shule?

Mpiga Soga: Tangawizi iongezwe.

Kifuu wa Buza: Ule uzi nilimwandikia rafiki yangu, hana akaunti.

Mchunguzi Huru: Na rafiki yako naye anakaa Buza anauza mkaa wa vifuu?

Kifuu wa Buza: Tulianza pamoja, akajitoa. Mimi nimekuja kuomba ushauri wa biashara, mambo ya ndoa yanatoka wapi?

Leso Mbili: Mbona picha ya mkaa hatuoni?

Mama Lishe Tandika: Chai au maziwa, mkaa huo nimeupikia, mnaobishana hamjaosha hata sufuria. Wewe kijana, kesho niletee wa elfu mbili kwenye ndoo. Uje saa nne, alfajiri usinisogelee.

Kifuu wa Buza: Nakuja mama yangu. Ila ndoo sina, nakuletea mfuko mzima, utanilipa polepole.