Naomba ushauri: dola ya Bank of England 1804 yenye mabaki ya sarafu ya Kihispania

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaozijua sarafu za zamani. Nataka kununua dola ya Bank of England ya 1804, ile ya shilingi 5 yenye kichwa cha George III na nyuma Britannia (yule mwanamke anayewakilisha Uingereza) amekaa, zile Matthew Boulton alizigonga na mashine za mvuke kule Soho, Birmingham, juu ya sarafu za Wahispania ziitwazo riali nane maana Uingereza ilikuwa na uhaba wa fedha enzi za vita na Ufaransa. Nazipenda sana hizi, yani sarafu moja wafalme wawili.

Nimeipima ina gramu 26.8, sumaku hainasi, na kwa lenzi naona mabaki ya herufi nyuma ya shingo ya mfalme ila mwaka wa ile sarafu ya chini hausomeki. Muuzaji anasema hiyo ni kasoro eti niisugue itakate, mi naona ndo utamu wenyewe so sitaigusa.

Sasa je, hayo mabaki yanatosha kuamini ni orijino au hata feki huwa nayo? Na nikimulika tochi kwa pembeni, ile M yenye kiduara juu yake, alama ya kiwanda cha sarafu cha Mexico, niitafute sehemu gani hasa?