Mrejesho: i-Tree na miti ya uwanja wa shule, Dodoma

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa kumi niliuliza namna ya kupanga miti ya uwanja wa shule yetu huku Dodoma na kukadiria faida yake kabla ya kuomba mchango wa wazazi. Asanteni sana mlionielekeza i-Tree Canopy, programu ya bure ya Idara ya Misitu ya Marekani inayokadiria eneo lililofunikwa na miti.

Programu hutupa vidoti ovyo juu ya picha ya setilaiti, nami niliainisha 300, kimoja kimoja, kwa kilichopo chini yake: mti, nyasi, udongo mtupu, bati. Miti ilipata 21, yaani asilimia 7, kosa la makadirio kama asilimia 1.5 juu au chini. Wazazi walipoonyeshwa udongo mtupu ulivyotapakaa, michango ilianza kutoka siku ileile.

Makadirio ya faida kwa fedha sikuyatumia. Viwango vyake ni vya Marekani, kama mdau mmoja alivyonionya.

Desemba, mvua zilipoanza, tulipanda miche 60 ya mikwaju na miarobaini. Imeshika 41. Mingi iliyopotea ililiwa na mbuzi, upande tuliochelewa kuzungushia miiba. Aliyenishauri humu nianze na uzio kabla ya kupanda alikuwa sahihi kabisa, na naumia sikumsikiliza. Miche bado haionekani kwenye setilaiti, hivyo nitahesabu vidoti upya ikishatanua matawi.